Wenye Silaha Wanaoshika Ardhi: Sheria ya Mataifa Yasemaje?

Apitaye Mtaa wa Nkrumah jijini Dar es Salaam, akielekea Kariakoo, huenda hajui kwamba katika mtaa huo palikuwa na ofisi ya FRELIMO, chama kilichoundwa mjini humu Juni 1962. Kilianza kupigana na Wareno Septemba 1964, na baadaye kikashika sehemu za Cabo Delgado na Niassa, kikaendesha humo shule na zahanati. Je, wakazi wa maeneo ya namna hiyo hulindwa na sheria gani?

Kwanza, Kifungu cha 3, kilicho sawa katika Mikataba yote minne ya Geneva ya 1949, hufunga kila upande katika vita vya ndani ya nchi: asiyepigana asiuawe, asiteswe, asitwaliwe mateka, wala asihukumiwe pasipo mahakama ya haki. Pili, Itifaki ya Pili ya 1977 huongeza masharti pale waasi wenye uongozi unaowajibika wanaposhika eneo kiasi cha kuweza kupigana kwa mfululizo na kuitekeleza Itifaki hiyo. Tatu, Itifaki ya Kwanza ya mwaka huohuo huhesabu vita vya kupinga ukoloni kuwa vya kimataifa.

Hata hivyo, Kifungu cha 3 chatamka wazi kwamba kukitekeleza hakubadili hadhi ya kisheria ya pande zinazopigana. Hapo ndipo wengi hukosea. Kushika ardhi hakumfanyi mwenye bunduki kuwa dola, wala hakuizuii serikali kumshtaki kwa uasi. Humtwika wajibu kwa watu walio chini ya mkono wake.

Jambo hili lagusa huduma yetu. Kundi la M23 lilipoiteka Goma Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, raia wengi walibaki humo, na wachungaji pamoja nao. Je, mchungaji aombaye dawa zipitishwe, au wafungwa watembelewe, amewatambua watawala hao? La. Kifungu hichohicho huruhusu chombo kisicho na upendeleo, kama Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, kujitolea kuzihudumia pande zote. Ombi la huruma si hati ya utawala. Bali kuwapa mimbari ili wajitangaze ni jambo jingine, na mchungaji hana budi kuyapambanua hayo mawili kabla hajabisha hodi.