Mama yuko Bukavu, mtoto yuko Kamembe, vitabu viko kabatini

KAMEMBE, Rusizi. Alfajiri, akina mama wa Kamembe huwa wameshajipanga kuelekea mpaka wa Rusizi ya Kwanza wakiwa na beseni za nyanya, mboga, samaki na maziwa. Ng'ambo ni Bukavu, mji mkubwa wenye walaji wengi, na mwenye mzigo wa kuharibika hana muda wa kupoteza. Wengi hurudi jioni. Katikati ya hesabu za mtaji, ushuru na bei ya dola, kuna hesabu moja ambayo husahaulika: mtoto aliyebaki nyumbani amefanya nini katika nusu ya siku ambayo hakuwa darasani?

Ni nusu ya siku kwa sababu katika shule nyingi za msingi za Rwanda madarasa ya chini husoma kwa zamu, kundi moja asubuhi na jingine mchana. Serikali imejenga maelfu ya vyumba vya madarasa tangu mwaka 2020, lakini penye watoto wengi zamu bado zipo. Mtoto wa zamu ya asubuhi hutoka akiwa na daftari lenye kazi ya nyumbani kwa Kiingereza. Nyumbani ni Kinyarwanda, sokoni ni Kiswahili, na ng'ambo huongezeka Kifaransa na Mashi. Mwaka 2008 serikali iliamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika kufundishia, na mwishoni mwa 2019 ikatangaza kuwa kianze kutumika tangu darasa la kwanza. Mama anayejua kupatana bei kwa lugha tatu anaweza kushindwa na swali la sayansi la darasa la tatu, na hilo si kosa lake.

Mtu ambaye angeweza kuziba pengo hilo yupo katika shule nyingi, walau kwa jina. Ni mkutubi, au mwalimu wa maktaba. Tatizo ni kazi anayopewa. Kiswahili kimemwita mkutubi kutokana na Kiarabu, mtu wa vitabu. Kinyarwanda huiita maktaba isomero, yaani mahali pa kusomea. Shule nyingi zimechukua maana ya kwanza tu: mtu wa kuhesabu vitabu, kuvipiga muhuri, kuvifungia kabatini na kutoa taarifa mwisho wa muhula kwamba hakuna kilichopotea. Kwa hesabu za stoo, huyo ni mfanyakazi bora. Lakini mfanyabiashara anajua maana ya mzigo usiotoka godauni.

Duniani mkutubi wa shule anatazamwa tofauti. Mwaka 1988 chama cha wakutubi wa shule nchini Marekani kilitoa mwongozo uliomtaja kuwa mwalimu pia, na toleo la 1998 likamwita mshirika wa ufundishaji, yaani mtu anayekaa na mwalimu wa somo kupanga kipindi pamoja naye. Mwaka 1999 UNESCO na shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, IFLA, walitoa tamko kwamba walimu na wakutubi wakifanya kazi pamoja, wanafunzi hupanda katika kusoma, kujifunza na kutatua matatizo.

Kwa Kamembe jambo hili si la mbali. Chukua kipindi cha mito na maziwa. Bila mkutubi, mwalimu huandika ubaoni na watoto hunakili. Mkutubi aliyekaa na mwalimu wiki moja kabla angetoa ramani na vitabu vya miaka mbalimbali, akagawa darasa katika makundi, na kila kundi likatafuta mto uleule unaotoka Kivu kwenda Tanganyika. Kundi moja litaukuta umeandikwa Rusizi. La pili litaukosa kwenye faharasa, kwa kuwa kitabu chao kinafuata tahajia ya Kikongo, Ruzizi. Kitabu cha zamani hakitakuwa na wilaya ya Rusizi jinsi ilivyo leo, kitasema mkoa wa Cyangugu, maana mikoa ya zamani ilifutwa katika mageuzi ya utawala ya mwaka 2006. Na ramani ya enzi za Wabelgiji itaonyesha ng'ambo ya maji mji uitwao Costermansville. Mtoto ambaye mama yake huenda huko kila siku hatajua kwamba hiyo ndiyo Bukavu mpaka mtu amfundishe kutafuta.

Katika kipindi hicho mwalimu wa darasa anashughulika na mito, na mkutubi anafundisha jinsi ya kutumia faharasa, kwa nini vitabu viwili hutofautiana, na jinsi ya kuangalia kitabu kilichapwa mwaka gani kabla ya kukiamini. Ujuzi huo una bei mpakani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, na asiyeweza kuisoma fomu humlipa mwingine amsomee, kisha akaamini alichoambiwa.

Lugha nayo ni kazi ya mkutubi. Mtoto anayekwama kwa Kiingereza anaweza kuanza na kitabu cha mada hiyo kwa Kinyarwanda. Editions Bakame ya Kigali imekuwa ikichapisha vitabu vya watoto tangu 1995. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, unatoa bure mtandaoni hadithi za watoto, nyingi zikiwa zimetafsiriwa, na Kinyarwanda, Kiswahili na Kiingereza vimo. Vitabu vyenyewe havichagui msomaji. Lazima awepo mtu anayemjua mtoto na anayejua mwalimu wake yuko mada gani wiki hii.

Ushahidi upo hapahapa Rwanda. Kati ya 2013 na 2015, katika wilaya ya Gicumbi, Save the Children na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima mpango uliounganisha mafunzo ya walimu na shughuli za kusoma nje ya shule. Watoto waliopata vyote viwili walisonga mbele katika kusoma kuliko wale ambao mpango huo haukuwafikia.

Mtaala wa umahiri, ulioanza kufundishwa Rwanda mwaka 2016, unamtaka mwanafunzi atafute maarifa mwenyewe. Kenya iliingia njia hiyohiyo, na wazazi wengi huko wamelalamika kwamba utafiti wa mtoto huishia kwao, kwenye vibanda vya intaneti, wakilipia kuchapa kurasa ambazo mtoto hakuzisoma. Mzazi wa Kamembe ana sababu ya kutaka utafiti huo ufanyike shuleni.

Kinachokwamisha si ukaidi wa wakuu wa shule. Kitabu kikipotea kuna mtu wa kuulizwa, na kitabu kisichofunguliwa hakimletei mtu kesi. Tena, katika shule za msingi kazi ya maktaba mara nyingi hupewa mwalimu mwenye vipindi vyake kamili, ambaye hakuwahi kusomea ukutubi. Tanzania ina chuo cha taaluma hiyo Bagamoyo, SLADS, lakini hata huko chuo kimoja hakiwezi kutosheleza shule zote.

Wazazi wana mahali pa kulisemea hili, nalo ni mkutano wa shule. Swali la kuanzia ni ufunguo: nani anao saa nane mchana, wakati walimu wa zamu ya pili wote wako madarasani? Ikiwa ni mwalimu wa maktaba mwenye vipindi vyake, ama apunguziwe vipindi, ama shule imtafutie msaidizi wa saa hizo. Uulizwe pia utaratibu wa kitabu kinachochakaa mikononi mwa watoto, ili mwalimu asikilipe mfukoni mwake. Ratiba hupangwa kabla ya mwaka wa masomo kuanza mwezi Septemba, na mzazi anayevuka kila siku ya kazi anapaswa kuijua mapema tarehe ya mkutano, kabla hajachukua mzigo wa siku hiyo.