Tofauti za Imani na Maadili Miongoni mwa Wakristo wa Marekani

Sharika zetu hupokea mara kwa mara wageni kutoka Marekani. Dayosisi ya Iringa ina uhusiano wa miaka mingi na Sinodi ya Saint Paul, unaojulikana kwa jina la Bega kwa Bega. Dayosisi ya Meru nayo ina uhusiano na Sinodi ya Greater Milwaukee. Wageni hao hula nasi, huimba nasi, hutoa salaamu za nyumbani kwao na kuondoka. Wakiisha kuondoka, maswali hubaki. Mbona mmoja alisema kwamba Marekani ni taifa la Kikristo, na mwenzake wa safari ileile akasema kwamba makanisa yao yanafungwa? Mbona wapo Walutheri wa huko wasiokubali kushiriki Meza ya Bwana na Walutheri wenzao wa mtaa wa pili? Katika makala hii tunakusudia kueleza mambo hayo kadiri nafasi inavyoturuhusu. Hatukusudii kuwahukumu Wamarekani wala kuwatetea.

Tuanze na hesabu. Taasisi ya utafiti ya Pew iliwauliza Wamarekani wengi kuhusu dini zao mwaka 2007, ikarudia mwaka 2014, na tena mwaka 2023 na 2024. Waliojiita Wakristo walikuwa asilimia 78 mara ya kwanza, karibu 71 mara ya pili, na 62 mara ya tatu. Wasio na dini yoyote waliongezeka kutoka asilimia 16 hadi 29. Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba Mmarekani asiye na dini ni lazima awe mkana Mungu. Katika uchunguzi wa mwisho watu zaidi ya wanane kati ya kumi walisema kwamba wanaamini kuwako kwa Mungu au roho fulani itawalayo ulimwengu. Kilicholegea zaidi ni kifungo cha mtu na kanisa. Mwaka 1999 watu 70 katika kila 100 walikuwa wamejiandikisha katika kanisa, sinagogi au msikiti; mwaka 2020 walikuwa 47. Kwetu sisi, ambao msharika asiyehudhuria hutafutwa na mzee wa kanisa hata nyumbani, si rahisi kufahamu jinsi mtu awezavyo kuamini bila kuwa wa usharika wowote.

Chanzo cha tofauti hizi ni cha zamani. Wamisionari waliotuletea Injili kutoka Ujerumani na Uswidi walitoka katika nchi zilizokuwa na kanisa la dola: mtu alizaliwa Mlutheri kama alivyozaliwa Mswidi. Marekani haikuwa hivyo. Wapuritani walikaa Massachusetts, Waanglikana Virginia, na William Penn wa jamii ya Marafiki alipopewa Pennsylvania mwaka 1681 aliifungua kwa watu wa imani mbalimbali. Mwaka 1791 Katiba ya nchi ilirekebishwa ili Bunge lisiweze kuweka dini ya taifa wala kuzuia watu kufuata dini yao. Sheria hiyo iliibana serikali kuu tu mwanzoni, ndiyo maana Massachusetts iliendelea kuyasaidia makanisa kwa kodi hadi mwaka 1833. Tangu hapo kila kanisa limeishi kwa sadaka za watu wake, na asiyeridhika huenda kuanzisha lake. Kwa Mmarekani kujitenga si jambo la aibu kubwa kama lilivyo kwetu, na hili tunapaswa kulikumbuka tusomapo habari za mafarakano yao.

Lakini farakano lililo zito kuliko yote halikuhusu mafundisho ya ubatizo wala ya uaskofu. Lilihusu utumwa. Wamethodisti waligawanyika mwaka 1844, Wabaptisti wa Kusini wakaunda umoja wao mwaka 1845, na hata Walutheri wa Kusini walijitenga na wenzao wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Pande zote mbili zilihubiri kutoka Biblia moja. Rais Lincoln mwenyewe alilitaja jambo hilo kwa uchungu katika hotuba yake ya mwaka 1865. Wenye watumwa waliwanukuu mababu wa imani waliokuwa na watumwa na waraka kwa Filemoni. Wapinzani wao walinukuu kutoka kwa Israeli katika Misri. Wabaptisti wa Kusini waliomba radhi mwaka 1995, yaani miaka 150 baadaye. Nao Wakristo Weusi walikwisha kuanza njia yao: Richard Allen na wenzake, waliodharauliwa katika kanisa la Kimethodisti la Philadelphia, waliunda dhehebu lao mwaka 1816.

Matokeo yake yaonekana hadi leo. Mbaptisti Mweusi na Mbaptisti mweupe wa Kusini hukiri karibu mambo yaleyale juu ya Kristo, wokovu na Maandiko, lakini katika uchaguzi wa rais wa miaka ya 2016, 2020 na 2024 walio wengi wa kundi la kwanza walipigia kura chama cha Democratic, na walio wengi wa kundi la pili chama cha Republican. Basi anayesema kwamba Wamarekani hutofautiana katika maadili kwa sababu wengine huamini Biblia na wengine hawaiamini, amesema kweli nusu.

Katika karne ya 20 mpaka ulihama. Mwaka 1925 mwalimu John Scopes alishtakiwa huko Dayton, Tennessee, kwa kufundisha kwamba mwanadamu ametokana na viumbe vya chini. Mwaka 1962 Mahakama Kuu ilikataza sala iliyotungwa na serikali katika shule za umma. Mwaka 1973 ikatoa haki ya kutoa mimba katika nchi nzima, haki iliyoondolewa na mahakama hiyohiyo mwaka 2022 na kuachiwa kila jimbo. Mambo haya hayakuwatenga Wakatoliki na Waprotestanti kama zamani. Yaliwatenga Wakatoliki na Wakatoliki, Wamethodisti na Wamethodisti. Kanisa la Muungano la Methodisti lilipoteza sharika zaidi ya 7,600 nchini Marekani kati ya mwaka 2019 na 2023, takriban robo ya sharika zake zote huko.

Tugeukie sasa jamaa zetu Walutheri, maana hapa ndipo jambo linapotugusa. Walutheri wa Marekani hawakutoka shina moja. Mchungaji Henry Melchior Muhlenberg alifika Pennsylvania mwaka 1742, akaunda sinodi ya kwanza mwaka 1748. Watu wake walizoea upesi kuishi na madhehebu mengine. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1839, wakafika Missouri Wajerumani wa Saksonia walioikimbia nchi yao kwa kuona kwamba kanisa la huko limeyaacha Maungamo ya Kilutheri. Mwaka uleule askofu wao Martin Stephan alishtakiwa kwa mwenendo mbaya, wakamfukuza. Wakabaki bila askofu, katika nchi ya ugeni, wakijiuliza kama wao bado ni kanisa. Mchungaji C.F.W. Walther aliwajibu katika mjadala wa Altenburg mwaka 1841 kwamba kanisa liko po pote waaminio wanapokutanika kwa Neno na Sakramenti, na kwamba usharika una mamlaka ya kumwita mchungaji wake. Sinodi ya Missouri iliundwa mwaka 1847 juu ya msingi huo. Msomaji akiona ukali wao wa mafundisho leo, akumbuke safari hiyo. Watu walioacha kila kitu kwa ajili ya Maungamo hawawezi kuyafanya kuwa jambo la kujadiliana.

Kundi la tatu ni watu wa Skandinavia. Sinodi ya Augustana ya Waswidi, iliyoundwa mwaka 1860, ndiyo iliyotuma wamisionari Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, nayo ilibeba tena mzigo wa misioni za Kijerumani wamisionari wao walipozuiliwa katika Vita ya Pili. Kwa hiyo sehemu ya kanisa letu ina deni la shukrani kwa upande huo wa Ulutheri wa Marekani, wala si kwa upande wa Missouri. Tunaona ni vema wanafunzi wetu walijue jambo hili kabla hawajaanza kutoa hukumu.

Mwaka 1970 makanisa mawili makubwa ya Kilutheri yaliamua kuwabariki wanawake katika uchungaji. Missouri walikataa, na wanakataa hadi leo. Mwaka 1974 wengi wa walimu na wanafunzi wa seminari yao ya St. Louis waliondoka kwa pamoja, kisa kikiwa njia za kuifafanua Biblia. Waliowaunga mkono wakaunda kanisa dogo, nalo likaungana na yale mawili. Ndivyo lilivyopatikana Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Marekani, lililoanza kazi tarehe 1 Januari 1988 likiwa na waumini zaidi ya milioni 5. Leo hawafiki milioni 3.

Mwaka 2009 mkutano mkuu wa kanisa hilo ulikaa Minneapolis. Alasiri ya tarehe 19 Agosti kimbunga kilipita katikati ya jiji, kikauharibu mnara wa kanisa walimokuwa wakiabudia wajumbe. Wapo waliosema ni onyo la Mungu. Wengine wakasema ni upepo tu. Siku hiyohiyo tamko juu ya jinsia ya binadamu lilipitishwa kwa kura 676 dhidi ya 338, yaani theluthi mbili kamili zilizohitajiwa, bila kura moja ya ziada. Siku mbili baadaye mkutano uliruhusu wachungaji wanaoishi katika uhusiano wa kudumu wa jinsia moja.

Ni lazima tueleze hoja yao kwa haki. Tamko hilo halikusema kwamba kanisa zima lina mawazo mamoja. Lilitaja misimamo minne, kuanzia wanaoamini kwamba uhusiano huo ni dhambi hadi wanaoukubali kama ndoa, likasema kwamba kila mmoja amefungwa na dhamiri yake mbele ya Neno, kama Luther alivyodai huko Worms mwaka 1521, na ya kwamba wote wabaki katika kanisa moja wakiheshimiana. Paulo katika Warumi 14 alitegemewa sana. Sisi twaona udhaifu hapo: Luther alisema dhamiri yake imetekwa na Neno la Mungu, na Paulo alizungumzia vyakula na siku, mambo ambayo mwenyewe hakuyahesabu kuwa dhambi. Mtu hawezi kuichukua Warumi 14 kabla hajaonyesha kwamba jambo linalobishaniwa ni la aina hiyo, na hilo ndilo hasa walilokuwa wakibishania. Mamia ya sharika yalijitenga, na mwaka 2010 baadhi yao wakaunda kanisa jipya la Kilutheri la Amerika Kaskazini.

Kanisa letu lilikwisha kusema. Maaskofu wa KKKT walitoa Tamko la Bukoba mwaka 2004, likafuatwa na Tamko la Dodoma mwaka 2010, lililokataa ndoa za jinsia moja pamoja na ushawishi na fedha za wanaozitetea. Wenzetu wa Mekane Yesus wa Ethiopia walikwenda mbali zaidi: mwaka 2013 walikata uhusiano na Kanisa la Uswidi na kanisa hilo la Marekani. KKKT halikufanya hivyo. Wapo wanaoliona hilo kuwa ni woga wa kupoteza misaada, na hatuwezi kusema kwamba neno hilo halina ukweli hata kidogo. Lakini uhusiano wa dayosisi na sinodi si uhusiano na azimio. Katika sharika za Minnesota na Wisconsin wamo walioshindwa kwa kura mwaka 2009 wakaamua kubaki, na wamo walioshinda, nao hukaa benchi moja. Mgeni afikapo kwetu, hatujui ni yupi kati yao mpaka tumwulize; na tumwulizapo, tuwe tayari kumweleza pia kwa nini sisi tulianza kuwabariki wanawake miaka 20 baada yao, wakati Missouri, wanaokubaliana nasi juu ya ndoa, hadi leo wanasema kwamba kwa kufanya hivyo tumeyaacha Maandiko.