Risasi nzito: kichwa, ganda au baruti?

Neno risasi limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni metali: ile laini, ya kijivu, nzito mkononi, inayoyeyuka upesi motoni. Maana hiyo ingali hai, na mwalimu wa kemia huitumia kila siku. Kutoka kwenye metali, jina likahamia kwenye kitu kilichoundwa kwa metali hiyo, yaani kile kinachoruka kutoka mtutuni. Kisha likapanuka hadi kutaja kitu kizima kinachouzwa dukani, pamoja na ganda lake na baruti iliyomo. Kwa hiyo neno moja limebeba maana tatu. Katika habari ya gazeti hakuna anayeumia kwa sababu hiyo. Katika kitabu cha mwindaji anayejaza maganda kwa mkono wake mwenyewe, mtu anaweza kupoteza jicho.

Kazi hiyo hufanywa sana katika nchi kama Marekani na Afrika Kusini. Mwindaji hulihifadhi ganda la shaba nyeupe lililokwisha kutumika, hulirudisha katika umbo lake, hutia fataki mpya kitakoni, humimina baruti aliyoipima kwenye mizani, kisha hukandamiza mdomoni kichwa cha risasi alichokichagua. Uchaguzi wa kichwa ndio unaomshughulisha zaidi, hasa kwa bunduki za mtutu wa kati, yapata milimita 8.5 hadi 10 na kidogo zaidi. Mifano miwili inatosha. Risasi ya 9.3×62 ilibuniwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905, na kichwa chake cha kawaida kina gramu 18.5. Ile ya .375 H&H Magnum ilitolewa na Holland & Holland ya London mwaka 1912, na kichwa chake kizito kilichozoeleka kina gramu 19.4. Zote mbili zilitumika sana Afrika, kwa wanyama wenye ngozi nene na mifupa minene kama nyati, na sababu ya kupenda uzito ni hiyo hiyo: kichwa kizito kwa kipenyo chake hupenya zaidi, mradi kimeundwa kisivunjike.

Sasa mfasiri akutane na agizo la msingi la kazi hii, kwamba uzito ukiongezeka baruti hupunguzwa. Akiandika «Risasi ikiwa nzito, punguza kiasi chake», msomaji hajui apunguze nini. Vibaya zaidi ni maneno matupu «risasi nzito». Mtu asiye mzoefu huweza kuyaelewa kuwa ni risasi iliyojazwa sana, yenye nguvu, akaongeza baruti mahali palipohitaji kupunguzwa. Kichwa kizito huchelewa kusogea, na gesi ya baruti inayoungua nyuma yake hukosa nafasi ya kutanukia. Tena, kwa kuwa kipenyo hakibadiliki, uzito wa ziada ni urefu wa ziada. Urefu huo huingia ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. Shinikizo hupanda mara mbili, kwa sababu mbili. Kipimo cha baruti kinachokifaa kichwa cha gramu 15 huweza kuipasua bunduki kikitiwa nyuma ya kichwa cha gramu 19.

Dawa iko ndani ya sarufi yenyewe. Risasi ibaki jina la kitu kizima, kama watu wanavyosema «sanduku la risasi». Kinachoruka kiitwe kichwa cha risasi. Kinachobaki ni ganda, kinachowasha ni fataki, kinachoungua ni baruti. Majina haya yako katika ngeli mbalimbali, na upatanisho humlinda msomaji hata pale jina linapoachwa: kizito hakiwezi kuwa ganda, na zito haliwezi kuwa kichwa. «Kichwa cha risasi kikiwa kizito zaidi, baruti ipunguzwe» ni sentensi isiyo na mlango wa pili. (Maneno «cha risasi» yasiachwe mwanzoni mwa aya, kichwa kizito peke yake ni mtu mgumu wa kuelewa.)

Kamusi za zamani zina pia popoo la bunduki, kwa mfano wa ile kokwa inayotafunwa na tambuu. Ni neno zuri, na lingekata mzizi wa utata huu, lakini limesahaulika, na kitabu cha maelekezo si mahali pa kulifufua.

Faida ya kusema kichwa huonekana zaidi kwenye vichwa vya kisasa visivyo na metali ya risasi kabisa, vilivyochongwa kwa shaba tupu. «Risasi ya shaba» ni maneno yanayojipinga. «Kichwa cha shaba» hayana taabu. Tofauti hiyo ina uzito wa kweli mezani pa mjazaji. Shaba ni nyepesi kuliko risasi kwa ujazo ule ule, hivyo kichwa cha shaba chenye uzito sawa huwa kirefu zaidi na hukalia nafasi kubwa zaidi ndani ya ganda. Kwa hiyo jedwali la kichwa cha risasi lisitumiwe kwa kichwa cha shaba, ingawa gramu zinalingana.

Kuhusu gramu zenyewe, majedwali ya Marekani na Uingereza hupima kwa greni, kipimo kidogo sana ambacho 7,000 kati yake hufanya ratili moja, na kifupisho chake ni gr. Gramu moja ni greni 15.43. Mfasiri aliyezoea g huiona gr na kuandika gramu bila kusita. Kosa likiwa kwenye kichwa, huchekesha tu: gramu 286 ni zaidi ya robo kilo. Kwenye baruti halichekeshi. Liandikwe neno zima, greni, kila mara, na gramu zifuate baada yake.

Kingine kinachopotosha ni kile kipimo cha uzito wa kichwa ukigawanywa kwa mraba wa kipenyo chake, ambacho wengi hukiita msongamano kwa kufuata lugha ya kigeni. Msongamano katika fizikia ni tungamo kwa ujazo. Hapa ujazo haumo. «Uzito kwa mkato» hueleza jambo lilivyo. Kwa kipimo hicho, kichwa cha greni 286 cha 9.3×62 na kile cha greni 300 cha .375 hupata 0.305 vyote viwili, kwa ratili na inchi. Mjerumani na Mwingereza walifika mahali pamoja.