Akwariamu kubwa Litembo: matumbawe ya bahari au samaki wa Nyasa?

Malipo ya kahawa yakiingia, wapo wanaomalizia sebule na wapo wanaotaka nyumba yao ya wageni iwe na kitu cha kumfanya mteja asimame atazame. Siku hizi wengi wanataja tangi kubwa la kioo lenye maji ya chumvi, matumbawe na samaki wa bahari, kama yale wanayoyaona kwenye simu. Naanza na jibu: ukiwa Litembo, Mbinga mjini au popote mkoani Ruvuma, usinunue tangi la matumbawe. Nunua kioo kilekile, ukijaze maji baridi, uweke samaki wa miamba ya Ziwa Nyasa. Hesabu zenyewe ndizo zinazosema hivyo, na heri uzione kabla ada za shule za Januari hazijagusa mfuko.

Tuchukue tangi moja kwa hesabu zote: urefu sentimita 150, upana 50, kimo 45. Linabeba lita 340 hivi. Kimo nimekipunguza makusudi. Kinachosukuma kioo ni kina cha maji, kwa hiyo kila ukiongeza kimo unalazimika kununua kioo kinene zaidi, na bei ya kioo hupanda kwa milimita. Kwa kimo hiki kioo cha milimita 10 kinatosha, mradi fundi aweke mikanda ya kioo kuzunguka ukingo wa juu. Ukitaka sentimita 60 kwenda juu, jiandae kwa milimita 12 au zaidi.

Kioo cha kawaida cha dirisha hakifai, hata fundi akikuapia. Nenda kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu, Mbinga au Songea, uagize kioo kwa unene, na uhakikishe kinakatwa na kusagwa kingo kabla hakijapakiwa. Kioo kilichochomwa kiwandani kwa ajili ya usalama hakikatiki tena. Ukiletewa kipande kwa vipimo visivyo vyako, pesa imekwenda. Silikoni iwe ile inayonuka siki na isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni ina dawa hiyo, na dawa hiyo huua samaki. Bei hutofautiana kidogo tu, kwa hiyo hapa usibane.

Uzito nao una gharama yake. Maji kilo 340, kioo kilo 64, mawe kilo 70 au zaidi, na meza ya kubebea: unakaribia nusu tani kwenye eneo lisilofika mita moja ya mraba. Sakafu ya zege inabeba. Sakafu ya udongo uliopakwa saruji nyembamba itatitia upande mmoja, na kioo kitapasuka kwenye kona. Kama ni lazima umwage zege, iingize kwenye bajeti leo.

Hadi hapa tangi la bahari na la ziwa ni sawa. Tofauti inaanza kwenye maji.

Tangi la matumbawe linahitaji chumvi gramu 35 hivi kwa kila lita. Chumvi ya jikoni haifai, kwa sababu matumbawe yanataka pia kalsiamu, magnesiamu na madini mengine kwa vipimo vyake. Inayotumika ni chumvi maalumu ya kutengenezea maji ya bahari. Kujaza mara ya kwanza kunakula kilo 12. Kisha kila wiki unabadilisha sehemu ya kumi ya maji, yaani lita 34, sawa na kilo 1.2 za chumvi. Kwa mwaka wa kwanza unahitaji kilo 75 au zaidi. Ndoo moja ya kilo 20 na kitu huuzwa dola 60 hadi 100 huko Marekani, kabla ya meli, ushuru na basi la Songea. Unahitaji ndoo tatu au nne kila mwaka, na duka la hapa karibu halina.

Wapo wanaosema watachota maji Mtwara, bahari ni ya bure. Kutoka Songea peke yake hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 600. Kujaza tangi ni madumu 17 ya lita 20, halafu karibu madumu mawili kila wiki, mwaka mzima. Kwa ndugu yako anayeishi Mtwara au Dar es Salaam hesabu hii inabadilika kabisa, na yeye simkatazi. Wewe wa milimani, acha.

Maji ya kuchanganyia chumvi nayo lazima yawe safi kuliko ya kunywa. Mtambo mdogo wa kuchuja hadi madini yote yatoke hutupa lita tatu hivi kwa kila lita moja inayofaa. Ukijumlisha lita 34 za wiki na maji yanayokauka, ambayo kwenye tangi la wazi hufika lita nne kwa siku, unahitaji lita 62 safi. Ili uzipate, utatumia karibu lita 250, yaani madumu 12 kila wiki. Mtambo huo pia unataka msukumo wa baa tatu au nne. Kwa maji ya mserereko, baa moja ni mita kumi za mteremko, kwa hiyo chanzo chako kiwe mita 30 au 40 juu ya nyumba, la sivyo unanunua na pampu ya kusukumia. Maji ya mvua ya bati yanavutia kwa kuwa hayana gharama, lakini bati jipya hutoa zinki, na zinki ni sumu kwa matumbawe.

Sasa vifaa. Tangi la matumbawe halisimami bila kichujio cha povu kinachotoa uchafu kabla haujaoza, pampu ya kurudisha maji, pampu mbili za mawimbi, taa kali za LED za rangi maalumu, hita, na vipimo vya madini. Karibu vyote vinaagizwa nje. Ushuru wa forodha haukokotolewi kwenye bei ya dukani. Unakokotolewa kwenye bei pamoja na usafiri na bima. Kifaa cha dola 200 chenye usafiri wa dola 60 kinahesabiwa dola 260. Kikitozwa kiwango cha 25% kinafika 325, kisha VAT ya 18% inakipandisha hadi dola 383 na senti. Bado hujamlipa wakala wa forodha, bado hujalipa mzigo wa basi. Kikifa baada ya miezi minne, dhamana yake iko kwa muuzaji aliye ng'ambo. Kwa hiyo bei uliyoiona kwenye simu izidishe mara mbili ndipo uijadili na mwenzi wako.

Umeme ndio unaoumiza, kwa sababu haulipwi mara moja. Chukua taa za wati 200 kwa saa kumi, pampu ya wati 40 usiku na mchana, kichujio cha povu cha wati 20, pampu za mawimbi za wati 30 jumla, na hita ya wati 300. Baridi ya Umatengo ya Juni na Julai unaijua. Maji ya matumbawe yanatakiwa yakae nyuzi 24 hadi 27, kwa hiyo hita hiyo utaiona ikiwaka nusu ya siku. Jumla ni uniti 7.8 kwa siku, uniti 233 kwa mwezi.

Hapo kuna mtego wa LUKU. Nyumba inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, na ukiongeza VAT 18%, REA 3% na EWURA 1% inakuwa 122. Ukivuka kila mwezi unahamishiwa kundi la kawaida la shilingi 292, ambalo kwa kodi hizo linafika 356. Tuseme nyumba yako inatumia uniti 45, unalipa kama 5,500. Ukiongeza tangi la matumbawe unafika uniti 278, na zote sasa ni za bei ya juu: karibu shilingi 99,000 kwa mwezi. Tangi limepandisha bei hata ya taa ya jikoni na pasi. Muuzaji wa vifaa hawezi kukuambia hili.

Linganisha na tangi la samaki wa Nyasa. Filta ya wati 25, pampu ya hewa ya wati 5, taa ya wati 30 kwa saa nane: uniti 29 kwa mwezi bila hita. Ukiwa Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, ambako joto la ziwa ndilo joto la hewa, hita haina kazi kubwa. Nyumba yenye uniti 45 inafika 74, uniti moja tu chini ya mpaka, na bili inakaa kwenye shilingi 9,000.

Litembo ni lazima niseme ukweli: hata samaki wa ziwa watahitaji hita. Lakini hawa unaweza kuwafunika. Bandika vipande vya styrofoam nyeupe, ile ya kupakia vifaa vya elektroniki, nyuma, chini na pembeni mwa tangi, na uweke kifuniko cha kioo kinachobana juu. Joto jingi hutoroka kwa maji kukauka, na kifuniko kinalizuia. Ukifanikiwa kuipunguza hita hadi saa sita kwa siku, unafika uniti 83 za tangi peke yake. Kwa nyumba ile ya uniti 45 ni kama shilingi 45,500 jumla kwa mwezi. Si ndogo, nakubali, lakini ni chini ya nusu ya ile nyingine. Kama hata hiyo ni nzito, weka tangi la nusu ya ukubwa, au fuga samaki wa dhahabu, wanaovumilia baridi bila hita.

Umeme ukikatika, tofauti inakuwa ya kufa na kupona. Betri ya Ah 100 ya volti 12, ukiitumia nusu ili isife mapema, inatoa nusu uniti na kidogo. Pampu ya hewa ya wati 5 inaweza kwenda kama siku nne kwa hiyo. Pampu za mawimbi na kichujio cha povu, wati 50, zinamaliza ndani ya usiku mmoja, na hita hujaiwasha.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu lina uzito kuliko pesa. Matumbawe ni viumbe hai, hukua polepole, na pwani yetu ya kusini imeumizwa vya kutosha na uvuvi wa baruti. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake haziruhusu kuyang'oa kiholela, Mnazi Bay na mdomo wa mto Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, na matumbawe magumu yako kwenye orodha ya CITES, hivyo kuyavusha mpaka kunataka vibali. Mtu akikuletea jiwe la matumbawe ndani ya ndoo bila karatasi, umenunua kesi.

Wakati huohuo wafugaji wa Ujerumani na Marekani wanauziana kwa majina ya Hongi, Lundo na Mbamba Bay samaki walioanzia kwenye visiwa na miamba ya wilaya ya Nyasa. Ni wale wadogo wa miambani ambao ng'ambo ya ziwa, Malawi, huitwa mbuna: wa buluu yenye mistari myeusi, wa njano, wa rangi ya chungwa. Kwa rangi hawashindwi na wa bahari, na lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay inakufikisha kwao na kukurudisha siku hiyohiyo. Anza kwa Afisa Uvuvi wa Halmashauri ya Nyasa uulize kibali. Omba samaki waliokamatwa kwenye kina kifupi, kwa sababu wa kina kirefu huvimba kibofu wakipandishwa haraka.

Kwa tangi hili, samaki 20 hadi 25 wanatosha, dume mmoja kwa majike watatu. Ni wagomvi, ukiweka wachache, mmoja atawaua wenzake. Mawe ya ziwani hayana bei, ila yaweke moja kwa moja chini kabla ya mchanga, maana samaki hawa huchimba na jiwe lililokaa juu ya mchanga litaangukia kioo. Maji ya vijito vya milimani yana madini machache kuliko ya ziwa, kwa hiyo changanya mchanga na makombe yaliyopondwa hadi kipimo cha pH kisome 8 hivi. Chakula chao cha asili ni ukoga wa mawe. Wape mchicha uliochemshwa kidogo na chakula cha samaki chenye mboga. Unga wa usipa uwe kidogo sana, kwa sababu ukizidi tumbo huvimba na samaki hufa. Jike hubeba mayai mdomoni kama wiki tatu kisha huachia watoto, kwa hiyo ukiwatunza vizuri hutanunua samaki mara ya pili. Wakizidi, mgawie jirani mwenye tangi. Usiwarudishe ziwani, hata kwa huruma. Kila mwamba una samaki wake, na kule Malawi, kisiwa cha Thumbi West, samaki waliohamishwa kutoka sehemu nyingine walikwisha kujipenyeza kati ya wenyeji.

Manunuzi yapange hivi: sakafu na meza, kioo, filta na stabilaiza ya umeme, kisha maji. Jaza, washa filta, weka chakula kidogo kila siku bila samaki kwa wiki nne hadi sita, hadi bakteria wa kusafisha uchafu wa samaki waote ndani ya filta. Vipimo vya amonia na naitraiti vikisoma sifuri, nenda Mbamba Bay. Usilipie samaki kabla ya hapo, hata mvuvi akikupunguzia bei.