Simu Huelewa Nini Tusemapo "Kila Mwezi"

Mfanyabiashara wa ndizi kutoka Akheri hahitaji kalenda imkumbushe kwamba soko la Tengeru huchangamka Jumatano na Jumamosi. Hata hivyo, akiiagiza simu imkumbushe siku hizo, simu haiandiki orodha ya Jumatano na Jumamosi zote zijazo. Huhifadhi kanuni moja tu: siku ya kuanzia, namna ya kurudia na, ikiwa imetajwa, siku ya kukoma. Kila tarehe hukokotolewa kutokana na kanuni hiyo. Kompyuta zinazokata malipo ya huduma tulizojiunga nazo hufuata kanuni za namna hiyohiyo, na hapo ndipo neno moja huweza kugusa mfuko wa mtumiaji.

"Kila mwezi", "kila siku 30" na "kila wiki nne" si kitu kimoja. Huduma ya shilingi 10,000 ikikatwa kila mwezi, mtumiaji hulipa mara 12, yaani shilingi 120,000 kwa mwaka. Ikikatwa kila wiki nne, hulipa mara 13, yaani shilingi 130,000. Ikikatwa kila siku 30, aliyejiunga tarehe 1 Machi atakatwa tena tarehe 31 Machi, mwezi uleule. Hapo si lazima pawe na wizi. Kompyuta imehesabu kama ilivyoagizwa. Lakini mtumiaji anayo haki ya kuelezwa hesabu hiyo kabla ya kukubali. Tunashauri aulize pia namna ya kujitoa, na aulize siku anayojiunga, kwa kuwa kanuni isiyo na siku ya kukoma huendelea hadi isimamishwe. Akiona makato asiyoyaelewa, aanze kwa kulalamika kwa mtoa huduma, akihifadhi ujumbe wa kila makato. Asiporidhika, alete shauri kwetu.

Mwisho wa mwezi nao una mtego wake. Miezi saba tu ndiyo yenye tarehe 31. Kanuni ya kimataifa ya kalenda za kompyuta, iliyotolewa mwaka 1998 na kuandikwa upya mwaka 2009, huagiza kwamba tarehe isiyokuwepo irukwe. Hivyo aliyeweka ukumbusho wa rejesho la mkopo kila tarehe 31 huenda asikumbushwe Februari, Aprili, Juni, Septemba wala Novemba, ilhali deni halisubiri. Zipo programu zinazorudi nyuma hadi siku ya mwisho ya mwezi, lakini si zote. Tarehe 27 ni salama zaidi, na huacha siku chache za kutafuta fedha.

Kuhusu saa, tunakumbusha jambo ambalo kila Mswahili analijua na bado humponyoka: simu huhesabu kuanzia usiku wa manane. Saa tatu asubuhi kwake ni 9:00. Anayeandika 3:00 kwa ajili ya dawa ya mgonjwa ataamshwa saa tisa usiku, kila siku.

Wenye wateja Ulaya, kama vile mashamba ya maua ya Usa River na waongoza watalii wa Arusha, wana hesabu ya ziada. Saa zetu hazibadiliki mwaka mzima. Za Uholanzi husogezwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kikao kilichopangwa kwa saa ya Amsterdam, saa nne asubuhi ya huko, hutufikia saa sita mchana wakati wa baridi yao na saa tano asubuhi wakati wa kiangazi chao. Kikipangwa kwa saa ya Arusha, wao ndio watakaohama.

Mwisho, ukiahirisha kikao kimoja kwa sababu ya Nane Nane, programu itauliza kama mabadiliko ni ya tukio hilo pekee, la hilo na yanayofuata, au ya yote. Usibonyeze kwa haraka: "yote" huweza kubadilisha hata kumbukumbu za vikao vilivyokwisha kufanyika.