Pumzi ya misitu yetu: inapimwa namna gani?

Wakaaji wa Goma na Sake wajua vema neno mazuku. Ni gazi itokayo chini, katika nchi ya volkano, na kutulia mabondeni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Mbuzi akishuka humo asubuhi, hapandi tena. Wenye elimu waiita gazi karboniki. Lakini wengi hawafikiri kwamba gazi ileile iuayo mbuzi ndiyo chakula cha majani yote, tangu miti mikubwa ya Walikale hata maharagwe ya Kibabi.

Mchana, kwa nguvu ya jua, majani huvuta gazi karboniki, hushika karboni yake na kutoa oksijeni. Lakini mti nao hupumua kama sisi. Usiku, jua likiisha kutua, hutoa gazi karboniki tu. Udongo pia hupumua: vijidudu vyake hula majani yaliyooza na kutoa gazi hiyohiyo, na pengine gazi nyingine mbili, metani na protoksidi ya azoti, ambazo kilo kwa kilo zaongeza joto la dunia kupita gazi karboniki. Basi msitu una mapato na matumizi, kama sanduku la parokia. Tuulize: mwisho wa mwaka hubaki nini?

Swali hili si la mchezo. Mwaka 1958, walipoanza kupima hewa juu ya mlima Mauna Loa, huko Hawaii, katika sehemu milioni moja za hewa kulikuwa na sehemu 315 hivi za gazi karboniki. Leo zapita 420. Zingalikuwa nyingi zaidi kama misitu na bahari visingalivuta fungu lao. Mwaka 2020 Wannes Hubau na wenzake, waliokuwa wamepima miti katika vipande 244 vya misitu ya Afrika, walitangaza kwamba kila hektari iliweka akiba ya tani 0,66 hivi za karboni kila mwaka, kwa muda wa miaka 30 hata 2015. Waliona pia dalili kwamba tangu 2010 hivi hasara yaongezeka.

Lakini kuzungusha utepe kwenye mti kwaeleza habari za miaka, si za saa. Kwa hiyo huko Yangambi, kando ya mto Kongo, Universite ya Gent na INERA walisimamisha mwaka 2020 mnara wa metri 55, unaopita vilele vya miti. Juu yake mashini moja hupima upepo upandao na ushukao, mara nyingi katika kila sekunde. Nyingine hupima gazi iliyomo katika upepo huo. Ni kama mlinzi wa mlango wa soko ahesabuye waingiao na watokao: hana haja ya kujua kila mtu anunua nini ndani.

Mlinzi huyo afaa pahali pa tambarare. Katika milima kama ya Masisi angedanganywa. Usiku hewa ya baridi huteremka mabondeni kama maji, ikichukua gazi ya msitu kwa mlango wa nyuma, na mnara hauoni kitu.

Ndiyo sababu katika msitu wa mlima wa Kahuzi-Biega watafiti waliinama chini. Huweka juu ya udongo sanduku lisilo na sakafu, hulifunga, kisha huvuta hewa yake kwa sindano mara kadhaa na kuitia katika vichupa. Kazi hii mara nyingi hufanywa na watu waliokwisha kupata udaktari wa sayansi, nao hupewa miaka miwili au mitatu tu kwa swali moja. Ni michache, msitu hauna haraka. Mwaka 2022 Matti Barthel, wa chuo kikuu cha Zurich kiitwacho ETH, alitangaza na wenzake, Wakongo wengi kati yao, kwamba misitu ya Kongo yatoa protoksidi ya azoti kidogo kuliko ilivyodhaniwa kwa kutazama misitu ya nchi nyingine. Sehemu kubwa hugeuka azoti tupu ndani ya udongo kabla ya kutoka. Tena udongo mkavu kwa kawaida hula metani. Ule wa kinamasi, upande wa Mbandaka, huitoa.

Kwa maoni yetu jambo kubwa ni hili: hesabu iliyofanywa kwa vipimo vya Amazonia haikuwa hesabu yetu. Na kilima cha Masisi kilichogeuzwa malisho kina hesabu nyingine tena, kwa maana ng'ombe hutoa metani, na kwato zao hukandamiza udongo hata vijidudu vilavyo metani vikose hewa. Sanduku, sindano, saa na kipimajoto si vitu vya bei kali; mwanafunzi wa Kibabi aliyesoma kemia aweza kujifunza kuvitumia. Iliyo ghali ni mashini ya kusoma vichupa. Vile vya Kahuzi vilisafirishwa hata Zurich.