Gofu kwa Wanaoanza, Sehemu ya Tatu: Mikwaju 121 Haina Aibu

Julai 1976, dereva wa winchi kutoka mji wa Barrow-in-Furness nchini Uingereza, Maurice Flitcroft, alijiandikisha katika mchujo wa mashindano makubwa ya The Open akijitambulisha kuwa mchezaji wa kulipwa. Alikuwa na umri wa miaka 46. Alikuwa amejifunza gofu kwa kusoma vitabu na kupiga mipira ufuoni, na inasimuliwa kuwa raundi kamili ya mashimo 18 hakuwa ameicheza hata mara moja. Siku hiyo, katika uwanja wa Formby, alimaliza kwa mikwaju 121, yaani 49 juu ya kiwango cha uwanja. Waandalizi walighadhabika na magazeti yakamcheka, na hadi leo alama hiyo hutajwa kuwa mbaya kuliko zote katika historia ya mchujo huo.

Kosa la Flitcroft lilikuwa mahali alipochagua kuchezea raundi yake ya kwanza. Alama yenyewe ni ya kawaida kabisa. Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza katika uwanja wa Nakuru Golf Club, kwenye mteremko wa Menengai, kisha akamaliza kwa mikwaju 121 huku akihesabu kila mkwaju kwa uaminifu, amecheza vizuri. Wengi hawafiki hapo. Sehemu mbili zilizotangulia za makala haya zilieleza namna ya kushika fimbo na namna ya kutumia uwanja wa mazoezi. Leo tunatoka kwenye mazoezi na kuingia uwanjani penyewe, ambako wanaoanza wengi huvunjika moyo kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema watarajie nini.

Tuanze na hesabu. Kila shimo lina kiwango chake cha mikwaju, ambacho wachezaji hukiita pa: mitatu kwa mashimo mafupi, minne kwa ya kati, mitano kwa marefu. Jumla ya viwanja vingi vya mashimo 18 ni 72 au karibu na hapo. Ndani ya kila pa kuna mikwaju miwili ya kuviringisha mpira kwenye grini, ile sehemu ya nyasi fupi sana yenye bendera. Kwa hiyo katika 72, mikwaju 36, nusu nzima, ni ya kazi ya polepole isiyohitaji nguvu hata kidogo. Anayeanza kwa kawaida huchukua mitatu kwenye grini badala ya miwili. Hiyo ni 18 zaidi. Njiani kutoka mahali pa kuanzia hadi grini, aharibu mikwaju miwili tu kwa kila shimo: mmoja upite juu ya mpira, mwingine uingie kwenye mchanga. Hiyo ni 36 zaidi. Jumla inakuwa 126, na mchezaji huyo hajafanya jambo lolote la ajabu.

Idadi hiyo ya 126 ina maana yake rasmi pia. Mwaka 2020 mfumo mmoja wa hendikapu, yaani mikwaju ya ziada anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake, ulianza kutumika duniani, na kiwango cha juu kabisa cha hendikapu kwa wanaume na wanawake kikawekwa kuwa 54. Mwenye 54 katika uwanja wa kawaida wa pa ya 72 anatarajiwa kufika karibu na 126. Flitcroft na mikwaju yake 121 leo angekuwa na nafasi halali katika orodha ya klabu yoyote. Mchezo wenyewe umekubali kwamba mtu huanza kutoka huko, na anayeanza Nakuru hana sababu ya kujidai makubwa kuliko mchezo unavyomdai.

Mfumo huohuo humkinga na shimo moja baya lisimharibie siku. Mchezaji ambaye bado hajapata hendikapu, anapohesabu alama za kuiombea, huwekewa ukomo wa mikwaju mitano juu ya pa ya shimo. Kwenye shimo la pa ya nne, akifika tisa na mpira bado haujaingia, anauokota na kuandika tisa. Hata walio bora kuliko sisi sote wamepitia hayo. Kevin Na alichukua mikwaju 16 kwenye shimo la pa ya nne katika mashindano ya Texas Open mwaka 2011. Sergio García, akiwa bingwa mtetezi wa Masters mwaka 2018, alitumbukiza mipira mitano majini kwenye shimo la 15 na kuandika 13. Wote wawili ni watu wanaolipwa kwa kazi hiyo na wamepiga mipira tangu utotoni.

Sasa tuutazame uwanja. Katika nyanda za juu za Kenya sehemu kubwa ya uwanja hufunikwa na nyasi za kikuyu, mmea wa asili wa milima ya Afrika Mashariki uliosambazwa hadi Australia, Afrika Kusini na California. Klabu ya Riviera jijini Los Angeles, mojawapo ya viwanja vinavyoheshimiwa Marekani, ina nyasi hizohizo, na wachezaji wakubwa wanaokwenda huko hulalamika. Anayeanza hapa kwetu anahitaji kuzijua tabia zake mbili. Zinapokatwa vizuri huunyanyua mpira, ukakaa juu kana kwamba umewekwa kwenye kijiti. Hakuna haja ya kujaribu kuuinua kwa mikono, fimbo ipite tu ikifagia nyasi. Lakini pembeni, zinapoachwa ndefu, nyuzi zake nene hukamata kichwa cha fimbo na kukigeuza. Ukiwa huko chagua fimbo fupi yenye uso uliolala, shika kwa nguvu kidogo, na urudishe mpira uwanjani hata kama ni kwa kuusogeza upande. Wanaotaka kufidia mkwaju uliopotea kwa kupiga mbali kutoka kwenye nyasi ndefu hupoteza mingine miwili.

Jambo la pili ni mwinuko. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Mpira ambao ungeruka mita 150 Mombasa hufika karibu 160 hapa. Wachezaji wazoefu hubadilisha fimbo kwa sababu hiyo. Anayeanza asijisumbue nalo, kwa kuwa tofauti kati ya mkwaju wake mzuri na mbaya ni kubwa zaidi ya mita kumi. Mwinuko unamgusa kwa njia nyingine. Raundi ya mashimo 18 kwa miguu ni mwendo wa kilomita nane hadi kumi, wa saa nne au zaidi, kwenye mteremko, chini ya jua la karibu na ikweta. Kofia, maji na kitu cha kutia tumboni ni vifaa vya mchezo sawa na fimbo. Anayetoka asubuhi na mapema humaliza kabla upepo na mvua za alasiri kumkuta mbali na jengo la klabu.

Kwa sababu hiyo mwandishi wa makala haya anaamini kwamba raundi ya kwanza isichezwe kwenye mashimo 18. Ukanda huu umebarikiwa viwanja vidogo vya mashimo tisa, kama Njoro Country Club na ule wa Gilgil, ambavyo anayetaka 18 huvizunguka mara mbili. Anayeanza azunguke mara moja, aketi, anywe chai, kisha aone kama miguu na moyo bado vinataka. Mashimo tisa yaliyochezwa na mtu mwenye nguvu yana mafunzo mengi kuliko 18 ambayo sita ya mwisho ni ya kukokota miguu. Na alama za mashimo tisa zinakubalika katika kuomba hendikapu. Kinachotakiwa ni jumla ya mashimo 54, hata kama ni tisa mara sita. Uwanja wa Great Rift Valley Lodge, juu ya Naivasha upande wa Eburru, una mandhari ya kumfanya mtu asahau mpira, nao utakuwa palepale mwakani.

Mkoba mzito pia hauna maana. Sheria inaruhusu fimbo zisizozidi 14, na wauzaji hufurahi kumwuzia mgeni zote 14 siku moja. Tano au sita zinatosha: moja ya kupigia mbali kidogo, chuma namba 7, chuma namba 9, weji ya kutokea mchangani, na puta ya kwenye grini. Seve Ballesteros, aliyeshinda Kenya Open katika uwanja wa Muthaiga mwaka 1978, alijifunza gofu akiwa mtoto huko Pedreña, Uhispania, akiwa na fimbo moja, chuma namba 3, akipiga ufuoni. Mwaka mmoja baada ya ushindi wa Nairobi alitwaa The Open.

Ballesteros alikuwa pia kedi utotoni, na hapa ndipo penye hazina ambayo mgeni wa gofu nchini Kenya huipita bila kuiona. Katika nchi nyingi mchezaji huvuta mkoba wake mwenyewe. Hapa kwetu, kwenye klabu nyingi, kuna makedi wanaoijua kila pembe ya uwanja, na wengi wao hucheza vizuri kuliko wanaowabebea mikoba. Wachezaji kadhaa wa kulipwa wa Kenya walitoka miongoni mwao. Mwambie kedi wako tangu mwanzo kuwa hii ni raundi yako ya kwanza. Ataufuata mpira kwa macho wakati wewe bado umeinua kichwa kuutafuta hewani. Atakuonyesha mteremko wa grini, ambao jicho geni huusoma kinyume kwa sababu ardhi yote inashuka kutoka Menengai kuelekea ziwani. Akisema, “Polepole, mkubwa, kichwa chini,” basi hilo ndilo somo ambalo mwalimu angekutoza ada kulifundisha. Muulize jina lake na ulitumie. Kubalianeni malipo mapema, na uwe nayo tayari mwisho wa raundi. Kumfokea mtu kwa mpira ulioupiga wewe mwenyewe ni ukosefu wa adabu, na katika klabu ndogo habari hizo husambaa kabla hujafika kwenye gari.

Kipimo halisi cha raundi ya kwanza ni mwendo. Wenzako watakusamehe mikwaju 140, lakini hawatakusamehe saa sita. Mambo machache yanatosha kukuweka sawa nao. Fanya jaribio moja la hewani, kisha piga. Tembea kwa haraka hadi kwenye mpira, na uchague fimbo ukiwa njiani. Mpira ukipotea, sheria tangu mwaka 2019 zinakupa dakika tatu za kuutafuta, ambazo zamani zilikuwa tano. Zikiisha, achana nao. Beba mipira ya bei nafuu ya kutosha ili kupotea kwake kusikuume. Kundi lililo nyuma likiwa linasubiri na mbele yenu hakuna mtu, simameni pembeni muwapishe. Na mpira wako ukielekea kwa watu, piga kelele “Fooo!” kwa sauti yako yote na papo hapo. Mpira wa gofu una uzito wa karibu gramu 46 tu, lakini umewahi kupofusha watu, na hii ndiyo adabu pekee ya uwanjani inayohusu uhai.

Nyingine hujifunzwa kwa kutazama. Usisimame nyuma ya anayepiga wala kumsemesha. Usikanyage mstari ambao mpira wa mwenzako utapitia kwenye grini. Sawazisha mchanga ulioingia, na urudishe au ujaze kwa mchanga kipande cha nyasi ulichokichimbua. Klabu nyingi zinataka shati lenye kola na hazikubali jinzi. Piga simu uulize kabla ya kwenda.

Kuna njia moja ya kuhesabu ambayo humfaa sana anayeanza, nayo ndiyo hutumika katika mashindano mengi ya wikendi katika klabu zetu. Iliasisiwa na daktari Mwingereza, Frank Stableford, na mashindano ya kwanza kwa mfumo wake yalichezwa Wallasey mwaka 1932. Badala ya kujumlisha mikwaju, mchezaji hupata pointi kwa kila shimo kulingana na hendikapu yake: mbili akifikia kiwango anachotarajiwa, moja akikikosa kwa mkwaju mmoja, sifuri akizidi hapo. Shimo likishaharibika unaokota mpira na kwenda kwenye lijalo, umepoteza pointi mbili na si zaidi. Mwenye hendikapu ya 54 hupewa mikwaju mitatu ya ziada kila shimo, hivyo saba kwenye pa ya nne humpatia pointi mbili kamili, sawa kabisa na bingwa wa klabu aliyepiga minne yake. Watu wawili wenye uwezo tofauti kabisa hucheza pamoja asubuhi nzima na ushindani ukawa wa kweli hadi shimo la mwisho.

Ili kufika huko mtu anahitaji kadi zilizojazwa ipasavyo. Mchezaji haandiki alama zake rasmi peke yake. Kuna mwenzake anayezithibitisha, na kadi isiyothibitishwa haihesabiwi. Sehemu ya nne, wiki ijayo, itaeleza namna kadi inavyosomwa mstari kwa mstari, nini maana ya namba za ugumu zilizoandikwa kando ya kila shimo, na hatua za kuomba hendikapu kupitia klabu iliyo karibu nawe, uwe Nakuru, Njoro, Gilgil au Naivasha.